Maji ya Mjomba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, malizeni kwanza kucheka mwandiko, ndipo tuendelee. Niliishia darasa la nne. Nimeandika kwa mkono wangu kwenye madaftari mawili ya shule, na mjukuu wangu Rehema, anayenakili kwenye kompyuta, nimemkataza kuongeza hata neno moja la kitabuni. Sitawaeleza nilizaliwa na nani wala ukoo wetu ulitokea ng'ambo gani ya Ruvuma. Hayo waulizeni wenye kazi ya kuyahifadhi. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, na chumba kimoja pale Newala, na wasichana watatu niliokabidhiwa niwalinde wasome. Wawili niliwafikisha. Wa tatu nilimpoteza kwa ndoo moja ya maji, na waliojua ilivyokuwa ni mimi na yeye.

Tekla, mmoja wa wale wawili, tumemzika juzi juzi kule kijijini kwetu, jirani na Lupaso. Alikuwa nesi, na watu aliowapokea wakizaliwa ndio waliobeba jeneza. Nilifika na gari la asubuhi, nikapelekwa uani kwa wanawake wenzangu, nikapewa kisu na lundo la muhogo. Msibani kwetu mtu haulizwi umri. Ukikaa karibu na sufuria unafanya kazi. Nilikuwa nimeinama hivyo nilipoona mwanamke anaingia na ndoo kichwani. Kwa sura nisingemjua, amenenepa na amevaa miwani. Nilimjua kwa namna alivyoitua ndoo: aliishusha kwanza pajani, akatulia kidogo kama anayesikiliza kitu, ndipo akaiweka chini na tone lisimwagike. Kutua ndoo hivyo nilimfundisha mimi. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikisikia Asumini, yule wa tatu, atakuwepo kwenye shughuli fulani, nami homa inanishika siku hiyo hiyo. Safari hii mikono yangu ilikuwa nyeupe kwa muhogo, na njia ya kutokea uani ilikuwa inapita miguuni kwake.

Mwaka ninaousema ni wa zile siku za ruksa. Malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalikuwa yameanza kupanda hadi vijijini, madukani kulikuwa na sabuni za kuchagua rangi, na vijana walivaa suruali za mitumba zilizokuwa na majina ya watu wasiowajua. Shuleni nako kulikuwa na michango. Zamani serikali ikimchagua mtoto ilimchukua ikamlisha. Sasa ilimchagua tu, mengine mtajua wenyewe. Kijijini kwetu walichaguliwa wasichana watatu kwa mpigo, jambo ambalo halikuwahi kutokea, wakapangiwa Newala, na shule yenyewe haikuwa na bweni la wasichana. Watu wakakaa siku mbili wakizungumza. Mwisho wakakubaliana kila nyumba itenge mkorosho mmoja. Mkorosho huo ulifungwa kipande cha kanga kuukuu kwenye tawi la chini, na korosho zake mwenye shamba hakuzigusa. Zilikuwa za chumba na chakula cha wale watatu. Hata waliokuwa hawana mtoto shuleni walifunga. Ukipita njiani wakati wa msimu ungedhani mikorosho yote inakwenda harusini.

Mwaka wa kwanza walikaa na bibi mmoja wa upande wa Tekla, lakini macho yakamsumbua, akarudishwa. Ndipo wakanitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa nimeachika, sina mtoto, na nilijulikana kwa mdomo. Aliyenikabidhi ni mzee Selemani, mjomba wake Asumini. Kwetu baba hulea, lakini mtoto ni wa mjomba, na neno la mjomba ndilo linalokaa. Alinikalisha barazani kwake akasema, "Somoe, hawa watoto ni mikorosho ya kijiji kizima. Wasilale njaa. Wasiwe wavivu. Na mtu wetu akifika huko, asikute mtungi mkavu." Nikaitika mara tatu, kila agizo na itiko lake. Sikuja kuvunja hata moja kwa kusudi, na mpaka leo sijui kama nijisifu au nijilaumu.

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Bi Esha. Kuta za udongo, bati juu, dirisha moja lililozibwa kwa ubao wa sanduku la chai. Vitanda vya kamba viwili: kimoja cha Tekla na mwenzake Rukia, kingine cha Asumini peke yake kwa sababu alipiga mateke usingizini. Mimi nilitandika mkeka mlangoni, ili mwanamume yeyote atakayeingia aanze kunikanyaga mimi. Ukutani misumari mitatu, sare tatu. Pembeni mtungi juu ya ngata ya majani makavu, na kopo la kunywea limefunikwa kawa. Koroboi ilitutia weusi puani, asubuhi tukipenga tunachekana. Nimelala kwenye vyumba vya feni tangu wakati ule, nimelala hata kwenye hoteli ya Mtwara mwanangu alipooa, na sijapata tena usingizi kama wa kwenye ule mkeka, watu watatu wakihema nyuma yangu na mimi nikijua hesabu yao imetimia.

Tulikula ugali wa muhogo na kunde, tukichoka tulikula kunde na ugali wa muhogo. Ijumaa nilitwanga korosho zilizovunjika nikaungia kisamvu, na siku hiyo hakuna aliyezungumza mpaka sahani ziwe nyeupe. Kaka yake Tekla alikuwa akituma samaki nchanga waliokaushwa, na kwa nyinyi mliozaliwa mjini, samaki nchanga ni panya wa shambani, msijidanganye na jina. Tekla alikuwa Mkristo, sisi wengine Waislamu, basi alipika nje kwenye sufuria yake mwenyewe. Rukia alikuwa akisogea makusudi upande moshi unakoelekea, anasema, "Tekla, paka wa Bi Esha analalamika, umemmalizia riziki." Tekla hageuki. "Mwambie paka aje tule. Yeye angalau hajifanyi hatamani." Na kupitia ukuta tuliwasikia Bi Esha na mashoga zake wakisuka ukili. Mmoja alisema siku hizi dukani hakikosekani kitu. Bi Esha akamjibu kinakosekana, yeye mwenyewe hajaonekana humo tangu Idi. Siku nyingine waliwasema wasichana wangu, kwamba wakizidi kusoma hivi nani atawaoa. Bi Esha akauliza, "Wewe hukusoma ukaolewa. Haya, yuko wapi?" Sisi huku tulijaza kanga mdomoni tusicheke.

Jioni walisoma kwa sauti. Kiingereza sikukijua, nilikijua mlio wake tu, kama mvua ikipita juu ya bati la jirani: unaisikia, hulowi. Nilikaa na ungo wangu nikichambua kunde na kujifanya sisikilizi. Asumini alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya ukurasa na kunieleza kwa Kimakonde, bila kuombwa, kama mtu anayemmegea mwenzake kipande. Ndiye aliyenieleza kwamba moyo wa mtu una vyumba vinne. Nikamwambia basi una nafasi kuliko sisi, maana tuko wanne tumebanana kwenye kimoja. Alicheka mpaka koroboi ikazimika. Lakini maneno yale yalinikaa. Siku ya pili walipokwenda shule nilinawa mikono, nikafungua kitabu chake nikatafuta mchoro wa moyo, nikautazama mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nilidhani sikuacha alama. Asumini akaona kidole changu pembeni ya ukurasa, chenye rangi ya maganda ya kunde. Usiku huo nilikuta kwenye mkeka wangu daftari lililotumika nusu, na penseli imechongwa. Mstari mmoja kwa siku, ndivyo alivyonipangia, naye anasahihisha kabla ya kulala. Mimi mlinzi wake nilikuwa mwanafunzi wake, na hii kalamu mnayoiona ikienda hapa, ni yeye aliyenishikisha. Kumbukeni hilo nitakapofika mbele.

Sasa maji. Wa Newala hawahitaji kuelezwa. Bomba la mtaa wetu lilitoa maji siku lilipojisikia, na ndoo zililala kwenye foleni kuliko wenyewe walivyolala vitandani. Likikauka, mtu anashuka mteremko hadi kwenye visima vya bondeni, kwenda ni kuteleza na kurudi ni kupanda na ndoo ya lita ishirini shingoni, na asubuhi imekwisha. Niliwawekea zamu, kila mmoja siku yake, alfajiri kabla ya shule, na sikumsamehe mtu kwa kichwa wala tumbo. Nilikuwa naamini msichana akisoma akasahau kubeba maji atakuja kuchekwa, na nitachekwa mimi niliyemlea. Kuna siku Asumini aliniomba wiki ya mtihani niwapunguzie zamu. Nikamwambia, "Mtihani utakwisha. Kiu haiishi." Nililipenda sana jibu langu. Nililirudia hata kwa Bi Esha, akalisifu. Leo natamani ningeling'ata likiwa bado ulimini.

Ule mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mlango: usiyeupita huingii cha tatu. Ulianguka wakati wa korosho, kiangazi kimekomaa, vumbi hadi kwenye kope. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza nilifanya jambo la huruma, nami huruma si kazi yangu. Nilimimina maji yote ya mtungi kwenye beseni, wakaoga mmoja mmoja nyuma ya nyumba kwa sabuni nzima, kwa sababu nilitaka waingie kwenye chumba cha mtihani wananukia kama watoto wa watu. Nikajiambia asubuhi nitaenda mwenyewe bombani wakishaondoka.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, nikasikia hodi. Ni mzee Selemani, kofia mkononi, kanzu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya korosho usiku kucha kwenye lori, kuku mmoja kifuani, ili awahi kumwona mpwa wake kabla hajaingia kwenye mtihani. Asumini akapiga magoti. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akamwekea mkono kichwani, akasoma dua yake fupi, akamwambia kijiji kimemtuma aje aseme hakijamsahau. Sijaona mtoto akifurahi vile. Akarudi ndani kuchukua daftari lake, nami nikamtandikia mzee mkeka barazani, nikaingia kumchotea maji. Kopo likagonga chini ya mtungi, kavu, likatoa mlio kama mtu aliyekohoa.

Vijana mtaniuliza kwa nini sikumwambia tu. Maji ni neno la kwanza la nyumba. Mgeni hata habari haulizwi kabla hajapewa, na huyu hakuwa mgeni wa njiani, alikuwa ndiye aliyenikataza mtungi mkavu kwa mdomo wake. Kwenda mwenyewe sikuweza, mtu mzima haachwi peke yake barazani kama mzigo. Kumwomba Bi Esha ilikuwa lazima nipite mbele ya mzee na kopo tupu. Nikamvuta Asumini mlango wa nyuma. Sare ameshavaa, daftari liko wazi mkononi, midomo inakwenda. Nikamnong'oneza aliweke chini, achukue ndoo.

"Dada, tunaingia saa mbili."

"Bomba liko hapo tu. Huyu ni mjomba wako, si wangu. Pita nyuma asikuone, na usirudi na ndoo tupu."

Aliliweka daftari juu ya kinu kilichofudikizwa, akakunja mikono ya shati, akapita kwenye ua wa makuti. Tekla na Rukia, wakidhani Asumini ametangulia, wakamuaga mzee wakaondoka, naye akadhani vivyo hivyo. Akaanza kunieleza habari za nyumbani, mikorosho ipi imezaa na ipi imeliwa na ukungu, nani amefunga kitambaa kipya. Nilifagia uwanja. Nikaufagia tena. Upepo ulikuwa ukifunua kurasa za lile daftari juu ya kinu, unafunua, unarudisha, kama mtu anayetafuta mahali alipoachia. Jua likapanda hadi kwenye ukingo wa bati, ambapo kwa kawaida linafika saa mbili, likapita. Nilijua hapo hapo. Bomba lilikuwa kavu, na Asumini hakurudi kuniambia. Alishuka bondeni, kwa sababu mimi nilimwambia asirudi na ndoo tupu, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nikisema nimesema.

Aliingia kwa nyuma ilipokaribia saa nne. Sketi imelowa mpaka kiunoni, magoti yana udongo wa mteremko. Akatua ndoo pajani, akatulia, akaiweka chini, hakumwaga tone. Akanitazama mara moja tu. Kisha akachukua daftari akakimbia. Nikajaza kopo, nikalifuta, nikampelekea mzee kwa mikono miwili nikiwa nimepiga magoti. Akalowesha midomo, akaliweka chini. Alisema amekunywa chai stendi, vikombe viwili, kiu hana kabisa, ila amepokea kwa heshima.

Mchana Asumini alirudishwa na mwalimu wake wa darasa, mwanamke mmoja mpole wa kutoka bara. Msimamizi wa mtihani alikuwa amemkatalia mlangoni, naye mtoto akakaa chini ya madirisha mpaka wenzake walipotoka. Mwalimu aliniita pembeni ya ua. Alisema mkuu wa shule anasikia maneno. Mjomba aje naye kesho, aeleze kilichomchelewesha mtoto, wao watamwombea arudie mwaka. Akaongeza kwamba lazima uwe ukweli, maana wanaodai kuumwa ni wengi. Nikamwambia nimeelewa, mwalimu. Na kweli nilielewa. Kulikuwa na neno moja la kusema na mtu mmoja wa kuambiwa, naye alikuwa hatua kumi kutoka pale.

Mzee Selemani alikuwa amekaa vile vile. Asumini alisimama mbele yake, kichwa chini. Hakufoka. Angefoka, labda mdomo wangu ungefunguka wenyewe, maana ugomvi ndio ninaoujua. Aliuliza polepole, "Somoe, wewe ndiye macho yetu hapa. Huyu mtoto alikuwa wapi?"

Nikasema, "Alitoka mapema, mjomba."

Maneno matatu. Yote ni kweli, na sijasema uongo mkubwa kuliko ule. Asumini aliinua kichwa akanitazama, akangoja. Yeye asingeweza kusema. Mpwa hamwambii mjomba wake kwamba maji uliyoletewa ndiyo yaliyoniharibia. Kwetu kumhesabia mgeni gharama ya ukarimu ni kumtia kidole kooni akitapike alichokula. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi, kwamba nililinda heshima. Sasa nimezeeka, nayasema kama yalivyo: niliogopa asijue kwamba mtungi wangu ulikuwa mkavu. Mzee alizungusha kofia yake mikononi akasema, "Nimekaa juu ya magunia usiku mzima. Nitawaambia nini waliofunga vitambaa? Basi. Shule imemshinda, tusimtese. Kesho tunarudi." Yule kuku nilimchinja jioni hiyo. Tulimla watu watano na hakuna aliyeomba mchuzi zaidi.

Waliondoka na lori la asubuhi. Asumini alikunja sare yake, akaitundika kwenye msumari wake, akaniambia Rukia anaweza kuitumia. Madaftari yaliyobaki na kurasa nyeupe aliyaweka kwenye mkeka wangu. Akapanda nyuma, akakaa ametazama tulikosimama, hakupunga mkono. Lori lilipokata kona vumbi likabaki limesimama muda mrefu. Kabla mvua hazijaisha tukasikia ameolewa Nanganga, kwa mtu mwenye kibanda cha biashara barabarani. Tekla na Rukia walipita mtihani. Nilikaa nao mpaka mwaka ukaisha, kitanda cha tatu kikiwa wazi, na hakuna aliyehamia humo ingawa Tekla na Rukia walikuwa wanabanana. Kila siku niliandika mstari wangu mmoja. Hakukuwa na wa kusahihisha. Msimu uliofuata nilikwenda nyumbani, nikapita makusudi kwenye shamba la mzee Selemani. Mkorosho wake bado ulikuwa na kitambaa. Hakukifungua, aliendelea kuwasomesha watoto wa wenzake. Alikufa hajui. Kitambaa kiliozea pale tawini, kikawa uzi, uzi ukaingia kwenye gome.

Basi ndiye huyo Asumini aliyekaa mbele yangu msibani, akachukua muhogo kutoka kwenye lundo langu. Aliutazama nilioumenya. "Dada Somoe, umekuwa bibi na bado unamenya nene. Nusu ya chakula inakwenda kwa mbuzi." Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, halafu kicheko kikanigeuka, nikainama. Nilimwambia pale pale, kwa sauti iliyowageuza hata wapishi: kwamba ningeweza kumwambia mzee, kwamba mwalimu alinipa njia, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya mtungi wangu. Asumini hakuacha kumenya. Ganda lilikuwa linatoka refu, jembamba, halikatiki.

"Nilijua," akasema. "Nilikaa nyuma ya lori makusudi. Nilisema dada Somoe ana mdomo, hata mkuu wa wilaya angemwambia. Atakimbilia gari. Mpaka pale kwenye kona nilisema atakuja." Akatupa muhogo kwenye sufuria, akachukua mwingine. "Mtihani mtu hukosa, dada. Mimi nilikulilia wewe."

Nikavuta muhogo mwingine. Tulimenya hadi lundo likaisha. Ndipo akaniambia kwamba ana mjukuu, Zuhura, amechaguliwa sekondari Newala. Siku hizi ada hakuna, lakini bweni limejaa na vyumba vya kupanga anaviogopa. Nikamwambia amlete kwangu, maana siku hizi nakaa na mwanangu hapo hapo Newala, nitamlinda. Akavua miwani akaifuta kwenye kanga. "Usimlinde. Mwache asome."

Zuhura amekuja Jumapili, na begi, na ndoo mpya ambayo bibi yake alimnunulia kwa kuwa ndivyo watu wa kwetu tunavyofanya. Ana shingo ile ile ya bibi yake. Ile ndoo niliipokea mlangoni nikaiweka upande wa vitu vyangu. Jioni, kabla ugali haujasongwa, nilimwita mwanangu na mkewe na Rehema wakae chini, nikazima televisheni mwenyewe. Niliwaambia: "Mtoto huyu akiwa na daftari mkononi, hatumwi maji. Hata awe mjomba wake aliyelala juu ya magunia. Ataenda mtu mzima, na mtu mzima akikosekana mgeni atakaa na kiu yake. Na msinong'one nyuma ya nyumba. Mwambieni mgeni mbele ya watu kwamba mtungi ni mkavu."